Ritani ya kodi niliipangia Desemba kama kipaimara: yaliyonikuta dirishani Moshi

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu mko poa?

Leo sijaja na siasa wala mpira. Nimekuja na aibu yangu mwenyewe. Nimeibeba mgongoni kutoka Pasua na naitua hapa katikati yenu.

Wanaonifahamu humu wanajua nikisimulia huwa naongeza chumvi. Leo chumvi ipo kwenye vionjo tu. Tarehe, dirisha na maneno niliyoambiwa ni kweli tupu, naandika mkono mmoja ukiwa kwenye Biblia ya mama.

Kaeni vizuri.

Mimi ni mtu wa Mwika, naishi Moshi mjini, Pasua. Nilianza kama mpagazi, nikabeba mizigo ya wageni mlimani mpaka shingo ikafupika. Nikaja kuwa msaidizi wa guide. Nikiwa na miaka ishirini na tisa nikaingia masomo ya jioni, nikamaliza kidato cha nne nikiwa na mke na mtoto.

Kwenye Commerce nilipata C.

Wakuu, hiyo C nimeitumia kuliko watu wanavyotumia PhD. Ukoo mzima ulianza kuniita mhasibu. Mtu akitaka kukopa, ananiuliza mimi. Mtu akitaka kufungua duka, ananiuliza mimi. Hata ng'ombe akiumwa nilikuwa naulizwa, na nilikuwa najibu.

Baadaye nikafungua fremu yangu Pasua. Nakodisha vifaa vya mlima: buti, makoti mazito, sleeping bag (mifuko ya kulalia), fimbo za kutembelea. Guide akipata mgeni ambaye hana vifaa, anakuja kwangu. Biashara ikashika. Nikachukua TIN, namba ya mlipakodi, kama raia mwema, leseni nikaitundika ukutani, nikapiga nayo picha.

Sasa sikilizeni kosa lilipozaliwa.

Siku nachukua TIN, pale ofisi ya kodi walinisaidia kujaza makadirio, yaani kodi ninayotarajia kulipa mwaka ule, palepale. Nikaambiwa nitalipa kwa awamu nne. Nililipa zote, sijachelewa hata moja. Mpaka hapo nilikuwa malaika.

Halafu nikaambiwa mambo mawili ya kukumbuka. La kwanza, kila mwaka natakiwa kupeleka makadirio mapya ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. La pili, mwaka ukiisha, nina miezi sita ya kupeleka ritani, yaani kueleza mwaka mzima nimepata nini na nimetumia nini.

Niliitikia kwa kichwa. Nikasema "sawa dada, hayo tulisoma."

Hatukusoma.

La makadirio nililisahau kabla sijafika stendi. Kichwani kwangu makadirio yalikuwa kama ubatizo, ukishabatizwa umebatizwa.

La ritani nililikumbuka, na hapo ndipo elimu yangu ya jioni iliponimaliza. Nikakaa nikapiga hesabu. Mwaka unaisha lini? Kila Juni si tunasikia bajeti bungeni? Si tunaambiwa mwaka wa fedha unaisha Juni, mpya unaanza Julai? Haya. Juni ongeza miezi sita. Desemba!

Wakuu, nilifurahi. Kwa sababu kwetu Uchaggani mambo yote yanamalizwa Desemba. Watu wanarudi kutoka Dar, Mwanza, sijui wapi. Harusi ni Desemba. Kipaimara ni Desemba. Mpaka wa kihamba, lile shamba la ukoo, ukigombaniwa, kikao ni Desemba. Mtu akikukosea mwezi wa pili unamwambia tu "tutaonana Desemba", na yeye anaelewa kwamba kuna kesi.

Kwa hiyo na kodi nikaona nayo imekuja kwetu kama mgeni, ikafuata utaratibu wa nyumbani. Nikaipangia tarehe ishirini na kitu Desemba, kati ya kuchinja mbuzi na kwenda kanisani.

Kibaya zaidi sikukaa kimya. Nilifundisha.

Shemeji yangu Aminieli, mume wa dada yangu Ndeshi, ana duka la vifaa vya ujenzi Sanya Juu. Sikukuu ya Pasaka mwaka huu tulikuwa wote kwa mama Mwika. Nikachukua kalenda ya kanisa, nikaigeuza nyuma, nikamchorea chati. Mshale kutoka Juni kwenda Desemba. Nikapigia mstari mara mbili. Shemeji akawa anaitikia "ndiyo shemeji, naona shemeji." Mama akawa ananitazama kama nahubiri.

Nikawa napata meseji kwenye simu. Mwezi wa tatu, "ndugu mlipakodi, kumbuka mwisho wa kuwasilisha makadirio". Mwezi wa sita, "ndugu mlipakodi, kumbuka ritani". Mimi nikajua ni wale matapeli wa ile hela tuma kwenye namba hii. Ile ya mwezi wa sita niliijibu.

Mtakuja kusikia nilijibu nini.

Sasa tuje Septemba mwishoni. Kampuni moja ya kupandisha wageni, kubwa tu, sitaitaja, ilikuwa inatafuta mtu wa kuwapa sleeping bag na makoti kwa msimu wote wa mwisho wa mwaka. Msimu wote, wakuu! Hiyo kazi ukiipata unatembea katikati ya barabara, magari yanakupisha.

Meneja wao alinijua tangu nabeba mizigo. Akaniambia, "Godi, vifaa vyako havitoshi. Ongeza sleeping bag nzito, nikupe kazi."

Sikuwa na mtaji. Nikapanda Mwika kwa mama.

Mama ana ng'ombe wawili wa maziwa na alikuwa na mtamba mmoja, mweusi mwenye baka jeupe, amepandishwa tayari, anasubiriwa azae. Yule mtamba ndiye aliyekuwa pensheni ya mama. Nilimweleza habari ya kampuni. Hakuuliza maswali mengi. Alisema tu, "Wewe ndiye umesoma." Jumanne yake mtamba akauzwa mnadani.

Nikanunua sleeping bag mpya za baridi kali. Nikazipanga kwenye fremu mpaka dari. Ukiingia unadhani tunahifadhi mawingu.

Nikampigia meneja. Akasema vizuri sana, sasa lete nakala ya leseni, TIN na tax clearance. Kwa asiyejua, hiyo ni karatasi inayosema huyu mtu hana shida na kodi. Mwisho wa kuipeleka ilikuwa Ijumaa ya wiki ile.

Nikasema hiyo ni kazi ya dakika kumi.

Jumatano asubuhi, tarehe mbili Oktoba, nimevaa shati jeupe nililovaa kwenye kipaimara cha mwanangu, naingia ofisi ya kodi. Nikamsalimia kila mtu kwenye benchi. Nikafika dirishani kwa dada mmoja mpole, miwani, sauti ya chini. Nikamwambia nimefuata clearance yangu, kama vile nimeiacha pale nikaenda chooni.

Akaingiza namba yangu. Akatazama. Akatazama tena.

"Kaka, hapa sioni ritani yako ya mwaka jana."

"Huwezi kuiona dada, bado haijafika wakati wake."

"Wakati wake lini?"

"Desemba."

Akavua miwani. Wakuu, mtu wa ofisi ya serikali akivua miwani, tafuta pa kushika.

"Kaka, mwaka wako wa biashara unaishia lini?"

"Juni, dada. Mwaka wa fedha unaisha Juni." Nikasema kwa sauti, ili na benchi nalo lijifunze.

Akaniangalia kwa huruma kabisa. Akasema, "Huo ni mwaka wa serikali. Wewe ni serikali?"

Halafu mzee mmoja wa koti la kijani akasema nyuma yangu, "Mwacheni, labda ni waziri amekuja kwa siri."

Walicheka mpaka mlinzi akachungulia.

Mimi sikucheka. Nilihisi theluji yote ya Kibo imeyeyukia kwenye uti wa mgongo wangu. Mapigo ya moyo wangu nadhani Himo waliyasikia, wakadhani ni ngoma.

Dada akanieleza polepole, kama anamweleza mtoto aliyeanguka. Mwaka wangu ni wa kawaida, unaanza Januari unaisha Desemba, kwa sababu sikuwahi kuomba mwingine. Kwa hiyo makadirio ya mwaka huu yalitakiwa yafike kabla Machi haijaisha. Ritani ya mwaka jana ilitakiwa ifike kabla Juni haijaisha.

"Desemba unayoisema," akasema, "ndiyo mwezi unaofunga mwaka. Huo siyo mwezi wa kukumbuka mwaka uliopita."

Nikauliza kwa sauti ya kitoto, "Kwa hiyo nimechelewa?"

"Umechelewa vyote viwili. Na kila kimoja kina adhabu yake, inahesabiwa kwa kila mwezi. Na kuna riba kwenye kodi ambayo haijalipwa."

Nikajaribu kujitetea. "Dada, Oktoba si tusiihesabu? Leo ni tarehe mbili tu, mwezi haujaanza vizuri."

"Kipande cha mwezi kinahesabiwa mwezi."

Wakuu. Siku mbili! Ningekwenda Jumatatu, tarehe thelathini Septemba, mwezi mzima wa adhabu usingekuwepo. Jumatatu hiyo nilikuwa kwenye fremu napanga sleeping bag kwa rangi.

Nikasema, "Lakini hamkunikumbusha." Hapo nikajichimbia shimo kwa mikono yangu.

Akasema, "Meseji zilitumwa kwenye namba yako. Hebu angalia simu."

Nikafungua simu. Nikaiweka pale dirishani ili aone mwenyewe. Meseji hii hapa, ya mwezi wa sita, ya heshima, "ndugu mlipakodi". Na chini yake jibu langu. Akalisoma kwa ile sauti yake ya chini, lakini benchi lilikuwa limenyamaza kwa makusudi:

"Tapeli mkubwa wewe, tafuta kazi ya kufanya."

Yule mzee wa koti la kijani alitoka nje. Nilimsikia anacheka kwenye maegesho.

Dada hakukasirika. Alisema majibu yetu hata hayafiki kwao, nisiogope. Akaniambia pia kuna utaratibu wa kuandika barua kuomba kupunguziwa riba na adhabu, kama una sababu ya msingi.

Nikamuuliza sababu ya msingi ni kama ipi.

Akavaa miwani yake. "Kuugua, kwa mfano. Kuunguliwa. Siyo Desemba."

Nilitoka pale nikakaa kwenye ngazi. Sikuwa nafikiria adhabu tena. Nilikuwa namwona mtamba wa mama, mweusi mwenye baka jeupe, anapakiwa kwenye Canter ya watu.

Ilikuwa Jumatano. Mwisho Ijumaa.

Nilikimbia kama mtu anayefukuzwa na nyati. Mauzo yangu nilikuwa naandika kwenye madaftari ya shule, manne, mengine yana michoro ya mtoto. Nikamtafuta kijana wa mahesabu mjini anayesaidia watu kuandaa ritani. Tukakaa mchana wa Jumatano na Alhamisi yote kutwa. Kila ukurasa ananiuliza, "Hapa 'Mzungu mrefu buti mbili' ni nani, na ni lini?" Nitajuaje, wakuu? Wazungu wote ni warefu.

Ijumaa saa nne tukapeleka ritani na makadirio. Nikapewa namba ya malipo. Nikalipa kwa akiba niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya pango la fremu. Nikarudi dirishani.

Dada akasema, "Umefanya vizuri kaka. Maombi ya clearance yamepokelewa, yatapitiwa. Leo siwezi kukuahidi."

Ofisi ikafungwa. Karatasi sina.

Nikampigia meneja. Nikamweleza kila kitu, nikamwomba mpaka Jumatatu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Godi, wageni wa kwanza wanapanda Jumapili. Wakurugenzi wangu wananiuliza karatasi, hawaniulizi kama tulibeba mizigo pamoja. Nimempa mtu mwingine."

Nikasema asante. Sijui kwa nini nilisema asante.

Clearance ilitoka Jumatatu saa tatu asubuhi. Imeandikwa jina langu vizuri, ina muhuri, haina kazi.

Lakini kabla ya hiyo Jumatatu kulikuwa na Jumamosi, na Jumamosi ndiyo ilinishtua kuliko dirishani.

Nilipanda Mwika kumwambia mama. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilimkuta kwenye banda anakata majani ya mgomba kwa panga. Shemeji Aminieli na dada Ndeshi nao walikuwepo, wameleta magunia ya pumba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wamekupa kazi?"

Maneno yote niliyopanga yakapotea. Nikamwambia, hawajanipa. Nikamweleza habari ya ritani, ya mwaka wangu na mwaka wa serikali. Mama aliacha kukata. Akaitazama ile sehemu ya banda iliyo wazi, kamba bado imefungwa kwenye nguzo.

"Kwa hiyo mtamba wangu sasa ni mifuko."

"Ndiyo mama. Lakini ni mifuko mizuri sana, hata baridi ya..."

"Inakamuliwa?"

Commerce haina hiyo topic.

Nikaona bora niokoe hata mmoja. Nikamgeukia Aminieli, nikamshika bega. "Shemeji, nisamehe. Ile chati niliyokuchorea Pasaka ni ya uongo. Jumatatu asubuhi kimbia ofisini kwenu, peleka ritani kabla adhabu haijakua."

Shemeji akaanza kuangalia viatu vyake.

"Nilishapeleka, shemeji."

"Lini?"

"Juni."

"Na makadirio?"

"Machi."

Nikamwachia bega. "Machi! Pasaka ilikuwa baada ya hapo! Kwa hiyo wakati nachora ule mshale ulikuwa umeshapeleka makadirio na unajua ritani ni Juni?"

"Ilikuwa chati nzuri, shemeji," akasema kwa unyenyekevu. "Mistari ilinyooka."

"Mbona ulikuwa unaitikia?"

"We ni kaka wa mke wangu. Nikubishie mbele ya mama mkwe? Na nyama yenyewe bado iko jikoni?"

Nikamgeukia dada yangu. "Na wewe Ndeshi ulijua?"

Ndeshi hata hakuinua macho kwenye pumba. "Mimi ndiye nilizipeleka fomu zake. Nikasema labda huko mjini mna utaratibu mwingine. Si wewe ndiye umesoma?"

Nilikaa chini kwenye majani ya mgomba.

Fikirieni wakuu. Watu wawili wamekaa mbele yangu wakiwa na jibu sahihi mfukoni, wakaniitikia kwa heshima mpaka nikatumbukia. Na wala siwezi kuwalaumu. Mimi ndiye nilijijengea kiti kirefu, nikakaa juu, nikaondoa ngazi. Nani angepanda kuniambia umekosea? Nimefikiria sana tangu siku ile: kama ningeuliza swali moja tu, "jamani nyie mnapeleka lini?", mtamba angekuwa amefungwa pale. Lakini mhasibu wa ukoo haulizi. Mhasibu wa ukoo anachora mishale.

Mama alimaliza kukata majani. Akanawa mikono kwenye ndoo. Nikajua sasa zinakuja zile kelele za kusikika mpaka kanisani. Hazikuja. Alisema kwa utulivu tu:

"Godlisten, nataka mtamba. Awe amepandishwa, kama wangu."

"Nitakuletea mama. Nitakodisha mfuko mmoja mmoja, nitajikusanya, halafu Dese..."

Neno halikumalizika. Mama, Ndeshi na shemeji waliniangalia kwa pamoja. Hata ng'ombe mmoja aligeuza shingo, hiyo siongezi chumvi.

"Machi," mama akasema. "Mwisho wa mwezi. Kipande cha mwezi ni mwezi."

Maneno ya dirishani nilikuwa nimemsimulia mwenyewe dakika tano kabla. Shemeji alilazimika kwenda kuangalia migomba ili acheke vizuri.

Ndiyo hivyo wakuu. Sasa hivi sleeping bag nawakodishia guide wa kujitegemea, moja moja, mbili mbili. Bei ni ya chini kuliko ya kampuni, lakini zinatoka. Barua ya kuomba nafuu nimeiandika, nimekiri ujinga wangu kwa lugha safi, nasubiri majibu.

Nilichojifunza nakiweka wazi ili usome wewe unayeahirisha.

Kama hujaomba mwaka mwingine wa hesabu, mwaka wako ni Januari mpaka Desemba. Makadirio ni kila mwaka, mwisho wa Machi. Ritani ya mwaka uliopita, mwisho wa Juni. Bajeti ya bungeni haikuhusu kwenye hilo. Biashara ndogo kabisa na walioajiriwa tu wana utaratibu wao, usichukue wangu, nenda dirishani ukaulize wako. Wale dada hawang'ati. Na ukipata meseji, usimtukane mtu kabla hujauliza ofisini kama ni yao.

La mwisho, hili halimo kwenye fomu yoyote. Ukiona watu wanakuitikia sana, shuka kwenye kiti.

Uwanja ni wenu. Waliowahi kuandika barua ya kupunguziwa adhabu wakafanikiwa, nielekezeni mlianzaje. Wataalamu wa kodi, nilipokosea sahihisheni hapahapa hadharani, msiniitikie kwa heshima. Wa kucheka nao wacheke, nimezoea.

Na mwenye mtamba aliyepandishwa, kuanzia Mwika mpaka Marangu, aje PM na picha. Mweusi atapewa kipaumbele. Ila tuelewane mapema, nalipa kidogo kidogo, na mama ameshaanza kukata majani ya ng'ombe watatu.